Kidole cha Njia

Hapo zamani, siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri, Bi Mwanjaa wa Kwamkole alizikwa. Mwanawe wa pekee, Mhando, alifika alasiri. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Kutoka shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi hadi Kwamkole ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Mhando alitumia siku nne. Hadithi hii ni ya hiyo siku moja iliyozidi.

Jueni kwanza alichokuwa akikifuata. Miaka saba nyuma, siku ya arobaini ya baba yake, Mhando aligombana na mama yake mbele ya watu. Mama alitaka abaki alime. Yeye alitaka kuondoka. Akatoka miguu mitupu, na alipofika njiani akapiga kelele: "Siku nikirudi hapa, nitarudi na viatu!"

Mama akamjibu: "Nenda. Radhi yangu haiendi na wewe."

Miaka saba hakurudi. Alioa, mama hakuja harusini. Kisha Jumamosi moja mchuuzi wa tumbaku akaleta habari kwamba Bi Mwanjaa yu hoi kitandani na anasema: mwanangu aje anisikie.

Mhando hakuwa na viatu vya safari. Jumapili alfajiri, Mhando akiwa bado amelala, mkewe Mwanahawa alimpima unyayo kwa kamba ya katani, akapiga fundo, akaenda nayo kwa fundi Kilua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mapema? Mume amekufukuza?"

"Hathubutu. Nataka viatu vyake. Kipimo hiki hapa."

Mzee akainyoosha kamba. "Huu ni mguu wa mtu au wa kanga?"

"Wewe shona, babu. Usimtukane mume wangu."

Fundi akaweka jozi mbili za mfano juu ya gogo. "Haya makubadhi ya ngozi. Ngozi husikia mguu, hulegea unapotaka. Lakini mpitishe kwenye tope mara mbili, utarudi hapa unalia. Na hizi katambuga, soli ya tairi, mikanda ya tairi. Hizi hazifi. Ila tairi halisikii mguu."

"Nipe zisizokufa."

"Za kwendea wapi?"

"Za kuvaa tu."

"Nauliza kwa ajili ya kisu. Za safari naziongeza upana wa kidole na mikanda naiachia kidogo. Tunaita kidole cha njia. Mguu ulioamka si mguu uliotembea, mjukuu wangu. Za hapa hapa siziongezi, ataziburuza. Haya, mumeo anakwenda wapi?"

Mwanahawa alipima moyoni. Akisema safari, ataulizwa safari ya wapi. Akitaja Kwamkole, ataulizwa mbona miaka saba hawaendi. Habari za mkwe hazisemwi kibandani.

"Anakwenda msikitini," alisema.

Fundi alimtazama. Kisha akakata tairi sawasawa na kamba. Kidole cha njia hakukiongeza.

Jumatatu Mhando aliondoka kabla ya jua. Siku hiyo alitembea vizuri. Jumanne saa sita mchana miguu ilijaa. Visigino vilitokeza nje ya soli, mikanda ikazama kwenye nyama, malengelenge yakapasuka. Alifika kijitoni akakaa.

Mwanamke aliyekuja kuteka maji alimwona. "Kaka, vua hivyo vitu. Mbele huko ni mchanga mtupu."

"Nilitoka kwetu bila viatu. Sirudi bila viatu."

"Basi kaa hapo uzae navyo," alisema yule mwanamke, akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Mhando alikaa kijitoni akisubiri miguu ishuke. Alikaa Jumanne yote iliyobaki. Aliondoka Jumatano asubuhi, akichechemea.

Yaliyotokea Kwamkole Jumatano hiyo yamesemwa na Bi Zaina, mdogo wa marehemu. Chumbani alikuwemo yeye peke yake. Anasema mgonjwa aliagiza mlango uachwe wazi tangu adhuhuri, na kila hatua iliposikika uani aliinua kichwa. Magharibi ilipoadhiniwa, alisema maneno haya: "Mwanangu yuko njiani. Nikiondoka hajafika, basi yupo aliyemchelewesha. Mwambie aliyemchelewesha mwanangu, nimempa radhi yangu. Asiishi na jambo hilo kifuani."

"Na Mhando mwenyewe?" Bi Zaina aliuliza.

"Mhando nitamwambia mwenyewe akifika."

Alfajiri alikuwa amekata roho.

Siku ya arobaini watu walikusanyika Kwamkole. Mwanahawa alikuja. Fundi Kilua naye alikuja, mzee wa miaka sabini, siku tano njiani kwa mkongojo. Hitima iliposomwa, Bi Zaina alisimama akayatamka maneno ya dada yake mbele ya wote. "Hii ni amana," alisema. "Nataka kuitoa leo kabla mkeka haujakunjwa. Aliyemchelewesha ni nani?"

Mahali pengine watu wangetazamana. Hapa walisimama watatu.

Mwanahawa alitangulia. "Mama, ni mimi. Nilipima mguu uliolala. Nilichagua tairi nikaacha ngozi. Nikaulizwa anakwenda wapi, nikadanganya. Kinywa kilikuwa changu. Mkwe wangu alikufa hajaniita mwanangu hata siku moja. Kama aliacha neno kwa mwenye kosa, kosa ni langu na radhi ni yangu."

Fundi Kilua akagonga mkongojo chini. "Binti huyu hakunidanganya. Yule mchuuzi wa tumbaku alipita kwangu kwanza kuuliza nyumba ya Mhando. Nilijua mama mgonjwa, nilijua safari ipo. Aliposema msikitini nilijua anasitiri mambo ya kwao, nikaona haya kumfunua. Ningeweza kuongeza kidole nikakaa kimya. Sikuongeza. Nilikata tairi la msikitini kwa mtu wa safari, huku najua. Tangu nilipopata habari ya msiba sijashika kisu. Kosa ni langu na radhi ni yangu."

Mhando alisimama mwisho. "Mama mdogo, hao wote wananionea huruma. Mkanda ulinibana, haukunifunga. Njia ilikuwa mchanga na mimi nimekua bila viatu. Ningevua, ningefika Jumatano usiku, ningemkuta. Nilikaa kijitoni kwa sababu ya neno nililomtupia mama mbele za watu. Nilitaka anione nimevaa. Kosa ni langu na radhi ni yangu."

"Huwezi," Bi Zaina alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Dada yangu alisema *aliyemchelewesha*. Angekukusudia wewe angesema *aliyejichelewesha*. Alijua kusema, yule."

"Hakujua kama ni mimi, mama. Angejuaje? Alisema kwa asiyemjua. Na asiyemjua ni mimi. Aliyeniweka kijitoni ni yule kijana wa miaka saba nyuma. Yeye ndiye aliyemchelewesha mwana wa dada yako."

"Na asipokuwa yeye?" Bi Zaina aliuliza.

"Basi mimi sina kitu. Mpe mwingine, nitaondoka hapa kama nilivyoondoka mara ya kwanza, bila radhi."

Jirani mmoja nyuma akasema, "Si uwagawie wote watatu, Bi Zaina, tukale?"

"Radhi si muhogo," Bi Zaina alimjibu. "Alisema aliye. Hakusema walio."

Wengine walisema apewe mke, kwa kuwa uongo ndio ulioanza. Wengine walisema apewe fundi, kwa kuwa aliyejua ana kosa kuliko aliyeficha. Mwanahawa alimgeukia mumewe akasema, "Nikipewa mimi, nitakuwa nimekunyang'anya." Kisha akasema, "Lakini siwezi kusema sikukosa." Hakuketi.

Mkeka ulikunjwa siku ile baada ya alasiri. Bi Zaina hakuwa amempa mtu. Aliishi miaka tisa zaidi. Alipofariki, Mhando, Mwanahawa na fundi Kilua, aliyekuwa hawezi tena kuona, walikuwepo mazikoni. Hakuna aliyethibitisha kuwa yeyote kati yao alikuwa amepewa radhi ile.

Nanyi mnaonisikiliza, lingekuwa mikononi mwenu lile neno moja la radhi, la kumpa mtu mmoja tu: je, nani alistahili?