Kopo Jekundu la Bi Zuwena

Bi Zuwena aliuza kiungo cha majani makavu ya giligilani na mnanaa, yaliyosagwa na kitunguu saumu, kwenye baraza ya hoteli ya Bwana Ghalib. Aliyekichanganya na mtindi akamwagia saladi, alilamba mpaka sahani.

"Nipe siri yake," alisema Bwana Ghalib, "au uhame kesho!"

"Chukua hili kopo la bluu, bwana. Ila lile jekundu, tafadhali, usiliguse kabisa!"

Bi Zuwena alipoinama kufunga kapu lake, Bwana Ghalib alikwapua lile jekundu akatokomea nalo jikoni. Akauvuruga unga ule wa kijani na mtindi kwa mikono yake, saa nzima, huku akilamba vidole.

Asubuhi alikuja mbio, amejifunika shuka mpaka puani.

"Umeniwekea nini?"

"Mimi? Si nilikukataza? Ile ni hina ya harusi ya mpwa wangu!"

Bwana Ghalib akafunua shuka. Viganja vyekundu, midomo myekundu, utadhani bibi harusi.

"Inatoka lini?"

"Wiki mbili."

"Usimwambie mtu, nakuomba!"

"Nikikaa hapa barazani, nanyamaza," alisema Bi Zuwena. "Nikihamishwa, watu wataniuliza kwa nini, nami sijui kudanganya."