Mikate Minne ya Asubuhi

"Laki moja na elfu themanini! Kila mwezi zinapungua! Zinakwenda wapi, Tumpe?"

Mzee Lwitiko alikuwa na tanuri la mikate pale sokoni, na Tumpe alikuwa muuzaji wake kwa miaka sita.

"Mimi nilichouza, hela yake hii hapa, bosi."

"Nakupa mwezi mmoja. Zikipungua tena, unaondoka!"

"Sawa. Ila ukinifukuza kwa hesabu, uzijue basi hizo hesabu. Nenda kasome!"

Wateja wakacheka. Mzee akapandwa na hasira, akaenda siku hiyohiyo chuo cha wananchi kujiandikisha kozi ya cheti cha utunzaji wa hesabu. Miaka hamsini na nane, anakaa dawati la mbele, anauliza maswali kuliko vijana wote. Kwa hilo nampa heshima yake. Mtu asiyejua akasema sijui, huyo ni mtu.

Mwalimu Mbonea, umri wa binti yake, akawapa zoezi: "Mwezi mzima, andika kila kitu kinachotoka mlangoni na jina la aliyechukua. Usimruke mtu, awe nani."

Mzee akaweka kiti mlangoni, akaandika kila mkate. Mwezi ulipoisha, akapeleka daftari darasani, kifua mbele.

"Mwalimu, nisaidie kumkamata mwizi."

Mwalimu akapekua. "Huyu anayechukua mikate minne kila asubuhi bila kulipa ni nani?"

"Huyo ni mimi! Miwili ya nyumbani, mmoja wa mama mkwe, mmoja wa wenzangu wa bao. Sasa huo nao ni wizi? Tanuri si langu?"

"Tanuri ni lako, mzee wangu. Mikate ni ya biashara. Minne mara siku thelathini, mara elfu moja mia tano. Jumla?"

Mzee akapiga hesabu. Akairudia. Kisha akacheka mpaka machozi, na darasa zima nyuma yake.

Asubuhi akasimama mbele ya wateja walewale. "Tumpe, mwizi nimempata. Ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

Tumpe akatandaza kiganja juu ya kaunta.

"Nimekusamehe, bosi. Sasa leta laki moja na elfu themanini ya duka."

Funzo: Biashara yako si mfuko wako. Kabla hujamwita mwenzako mwizi, jiandike na wewe daftarini, halafu lipa unachodaiwa.