Panya Buku Aazimwa Maktabani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Maktaba!
Na mlangoni?
Kiboko, kajaa tele!

Basi hapo zamani Kiboko alishika maktaba ya msituni, akaweka sheria: kimya, hakuna kuulizana. Mwenye swali amwulize yeye, kwa kikapu cha viazi. Ukimletea anatafuna, kwachu kwachu, kisha anakujibu, "Jibu limo kitabuni." Basi!

Siku moja akaja Panya Buku, mbio mbio. Bintiye Sikitu anakohoa siku ya saba leo, na moyo unamwuma, maana ndiye mtoto wake wa pekee. Viazi hana, basi akamwendea Kobe aliyekuwa akisoma.

"Kaka Kobe, dawa ya kikohozi nitaipata wapi?"

"Kimyaaa!" Kiboko akanguruma. "Hapa watu hawaulizani!"

"Shikamoo, mzee. Kwani mimi mtu? Mimi Buku. Na buku lisilozungumza na msomaji lina faida gani?"

Kiboko akajikuna kichwa. Kweli, buku ni buku.

Basi Buku akamwuliza Kobe. Kobe anajua rafu. Akamwuliza Kunguru, Kunguru anajua maandishi ya kale. Akamwuliza Nyuki, Nyuki anajua mti wenyewe umeota wapi. Kila mmoja ana kipande, mwenye jibu zima hayupo. Wakaviunga, dawa ikajulikana.

Buku akageuka aondoke. Kiboko akacheka, hohoho! "Soma mlangoni!"

Pameandikwa: BUKU MARUFUKU KUTOKA, ILA KWA KUAZIMWA.

Buku akasimama palepale mlangoni. Mtoto anamngoja, naye kajifunga kwa ulimi wake mwenyewe!

Kobe akasogea, taratibu. "Mzee, naomba kuazima."

"Kitabu gani?"

"Hiki chenye mkia."

Sheria ni yake, atasema nini? Kiboko akashika mhuri, gwa! kwenye makalio ya Buku. Kobe akambeba hadi nje, Buku akaruka chini, akamfuata Nyuki mpaka mtini, akachuma dawa, akaipeleka nyumbani.

Sikitu akanywa, akalala, akaamka kifua kimefunguka. "Baba," akasema, "mbona huko nyuma umeandikwa 'Rudisha baada ya siku kumi na nne'?"

Siku zikatimia, Kobe akamrudisha. Tangu hapo wanyama wanapanga foleni kumwazima Buku, na viazi haleti mtu. Mwisho Kiboko mwenyewe akaja, kwa sauti ndogo.

"Buku, mwanangu, viazi hulimwaje?"

"Sijui, mzee. Njoo tumwulize Kobe."

Fundisho, watoto: maktabani nyamazeni, kila mtu atafute peke yake! Na hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwanogea, kaeni nayo. Ikichacha, nirudishieni ndani ya siku kumi na nne.