Chungu cha Midomo Mitatu

Sogeeni, wanangu, moto bado unawaka. Vijiji vitatu viliiba mafiga matatu ya zimwi, ambayo yakikaa pamoja hugeuza maji kuwa chumvi. Kila kijiji kikaficha figa lake, kikihofia kudhulumiwa na jirani. Chumvi ikakosekana, soko likafa, na zimwi likawa likizunguka kila jioni: "Mafiga yangu!"

Nankondo, mfinyanzi wa kijiji cha kwanza, hakutulia; akaenda kuwasihi majirani wayakutanishe mafiga. Kijiji cha pili wakamfukuza, cha tatu wakamfukuza. Basi akafinyanga chungu chenye midomo mitatu, akakichoma, akakipeleka njia panda pamoja na figa la kwao.

"Figa moja haliinjiki chungu!" akaita, roho mkononi. "Kila kijiji na mdomo wake!"

Vishindo vya zimwi vikasogea. Majirani walipouona mdomo wao, wakaja mbio na mafiga. Wakainjika chungu cha maji, kikachemka, midomo yote ikamwaga chumvi.

Zimwi likafika, likaonja, likaketi.

"Soko," likauliza, "ni lini?"