Aliyekunywa Ndiye Aolewe

"Aliyekunywa ndiye aolewe." Vijana walilisikia neno hilo asubuhi barazani, mjane mmoja akiwatupia wazee wa ukoo waliokunywa pombe ya shemeji yake, kisha wakamwamuru arithiwe. Wazee wale waliinuka mmoja mmoja wakaondoka. Vijana wakamfuata Bibi Tupokigwe, aliyekuwa akipepeta ulezi uani, wakamuuliza: mwanamume anaolewaje?

Bibi hakucheka. Aliuweka ungo chini, akawaambia kwamba neno hilo lilizaliwa kwa hasira, na asiye na hasira asilitumie.

Zamani, huko milimani kwenye kijiji cha Ilalabwe, pombe ya ulezi ilikuwa na adabu zake. Mchumba alipotaka mke, alipeleka chungu cha pombe nyumbani kwa binti, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Jani hilo halikufunuliwa na baba wala na mjomba. Aliitwa binti mwenyewe. Akikubali, alilifunua, akachovya mrija na kumkabidhi baba yake, ndipo wazee wakanywa. Akikataa, alikipa chungu kisogo, kikarudi kilikotoka kimejaa. Hivyo ndivyo mababu walivyoweka, na haukuwa mchezo.

Lakini adabu hailindwi na koo lenye kiu. Mzee Mwasambili, babake binti mmoja aliyeitwa Tusekile, alianza kunywa kama wenzake, siku za mavuno na za tambiko. Baadaye akawa hakosi matanga hata ya mtu asiyemjua. Shamba likamshinda, jembe likashikwa na mkewe na bintiye. Na watu walisemaje? "Mwacheni, pombe ni ya wazee." Maneno hayo yalimchoma Tusekile kuliko ulevi wenyewe. Mama yake akidondoka kwa njaa shambani, pombe ni ya wazee! Baba akitapika mbele ya wageni, pombe ni ya wazee! Kijiji kizima kilikuwa kimemshikia baba yake mrija.

Mwaka huo mtu mmoja aliyeitwa Mwakifuna alitaka mke wa tatu. Wawili wa kwanza walikuwa wamekimbia, mmoja wao na mkono uliovunjika, maana Mwakifuna akilewa hakujua kuongea ila kwa rungu. Tusekile alikwisha kumwambia mama yake, "Chungu chake kikija, nitakipa kisogo."

Kilikuja asubuhi, yeye na mama yake wakiwa shambani wakipalilia. Washenga wakakiweka sebuleni, wakaenda kusubiri kwa jirani. Mwasambili akabaki peke yake na chungu. Akakizunguka. Akainama kukinusa. "Nionje tu kama imeiva," akajiambia. Akafunua jani.

Tusekile aliporudi adhuhuri, jembe begani, alimkuta baba yake na wazee watano wamekizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake. Jani la mgomba lilikuwa chini, limekanyagwa.

"Karibu, bibi harusi!" akasema Mzee Kyando, mkuu wa kijiji, huku akijifuta povu mdomoni.

"Harusi ya nani, babu?"

"Yako, mwanangu. Pombe imenywewa. Chungu kilichonyweka hakirudishwi."

"Nani aliyefunua jani?"

Mrija mmoja ukafyonza hewa, khrrr.

"Nimefunua mimi," baba yake akasema. "Mimi si baba? Binti ni wangu, na chungu ni changu."

"Mimi sikuitwa, baba. Sikuchovya mrija."

"Usinichoshe! Nimekunywa, basi."

Tusekile akaliteremsha jembe taratibu.

"Basi aliyekunywa ndiye aolewe."

Wazee wakaangua kicheko hadi mmoja akapaliwa. "Ehee! Mwasambili, mwali wetu! Utavaa shanga ngapi?" Wakaendelea kunywa. Wakapanga bibi harusi achukuliwe siku ya nne.

Siku ya tatu Mwakifuna alileta chungu kingine cha kumshukuru mkwewe, na Mwasambili akakimaliza bila msaada. Asubuhi ya siku ya nne alikuwa amelala kama gogo. Tusekile akasimama mlangoni akimtazama. Mama yake akaja nyuma yake, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuinua sauti, akasema, "Mwanangu, mafuta ya harusi yako wapi?"

Wakaitwa wanawake wa jirani. Wakamwinua mzee, wakampaka mafuta, wakamvisha shanga kiunoni na shingoni, wakamfunika kaniki kichwani, wakamketisha kwenye mkeka wa mwali akiwa ameegemea ukuta.

Msafara wa Mwakifuna ulifika kwa ngoma, yeye mwenyewe mbele. Wazee walewale watano nao walikuja kushuhudia. Shangazi wa Mwakifuna akapiga magoti, akafunua kaniki. Ndevu! Ndevu za mvi, na ute wa pombe ukidondoka juu ya shanga. Mwali akakoroma.

Hapo wanawake wakapaza wimbo:

*Kinywa kile kilokunywa, ndicho kiende kupika,*
*Na tumbo lililojaa, ndilo liende kuzaa!*

"Mnanitukana!" Mwakifuna akanguruma.

Tusekile akatoka ndani. "Tusi gani? Mchukue. Jembe halijui, lakini kunywa anajua, mtafaana. Na ukimvunja mkono, hatakuja mtu kudai."

Mzee Kyando akapiga fimbo chini. "Binti, unavunja mila!"

"Mila iliyovunjwa ilikuwa sakafuni siku ile, babu, nawe ulikuwa umeikanyaga."

Mzee akageukia wanawake ili wamnyamazishe mwenzao. Hakuna aliyejongea. Mama yake Tusekile akasema, "Pombe hiyo ni nani anayeipika? Ni sisi. Akichukuliwa binti yangu leo, hakuna mwanamke wa Ilalabwe atakayeloweka ulezi tena, si wa mavuno wala wa tambiko. Mtawapa mababu maji."

Wazee wakatazamana. Kwa machozi ya binti wasingejali, lakini kwa chungu kikavu walijali. Kyando akainamisha kichwa, akamwambia Mwakifuna aende zake, na ngoma zikarudi kimya.

Mwasambili alizinduka jua likiwa utosini. Akazigusa shanga shingoni. Akamwona binti yake.

"Umeninyang'anya heshima yangu," akasema.

"Heshima uliinywa, baba. Mimi nimewaonyesha watu chungu kitupu."

Miezi ikapita. Chungu kingine cha uchumba kikaletwa katika nyumba nyingine. Wazee sita waliketi kukizunguka tangu asubuhi, makoo yamewakauka, macho kwenye jani. Binti alikuwa shambani na hakuwa na haraka. Alirudi jioni, akanawa miguu, akakitazama chungu, akakipa kisogo. Washenga wakajitwika mzigo wao. Mzee mmoja kiu ikamshinda, akanyoosha mkono auwahi ukingo wa chungu. Mwenzake akaupiga mkono ule, pa!

"Wewe! Aliyekunywa ndiye aolewe."