Siku Walipoitika Walio Njiani

Nina kisa! Semeni, "Kilete tukisikie." Mbona sauti zenu kama za wagonjwa? Nina kisa! Haya, hapo sawa.

Kale, kale ile ambayo jua lilikuwa haliingii mlimani kwetu Mwarungu mpaka liombe ruhusa kwa ukungu, Wazungu walipigana wao kwa wao, wakatutuma sisi tubebe mizigo. Wanaume sitini na mmoja wa mlima huu walifungwa kamba viunoni, wakashuka. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, hata migongo yao ikawa midogo kama siafu. Hakurudi hata mmoja.

Kati yao alikuwemo Mwadime, mume wa Mghoi.

Sasa sikilizeni. Katika kanisa la misheni mtu mweusi alikaa nyuma. Wazee walipouliza wanaume wao wako wapi, mchungaji mgeni akawaambia wamwombee Mfalme. Wakamwombea, kisha wakatoka, wakajenga kanisa lao la udongo na nyasi, na Mwalimu Mwandoe akawa kiongozi wao. Kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, Mwalimu aliita majina ya washirika wote. Aliyepo aliitika, "Nipo." Asiyekuwepo aliitikiwa na mtu wa nyumbani mwake, "Yuko njiani." Jina halikufutwa mpaka mwenyewe awekewe matanga. Na huwezi kumwekea matanga mtu usiyejua kama amekufa, au vipi?

Basi Mghoi aliitika miaka mitatu. "Mwadime!" Yuko njiani. "Mwadime!" Yuko njiani.

Habari ikafika bomani. Boma, wajukuu zangu, ni mahali ambapo ukweli hulala mpaka upigwe muhuri. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma hilo, alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa na safu mbili tu: wafu na watoro. Ili uandikwe mfu, alitakiwa shahidi aliyekuona ukifa. Mashahidi wote walikuwa na udhuru mmoja: walikuwa wamekufa. Kwa hiyo wale sitini na mmoja walikuwa wakielekea safu ya watoro. Shamba la mtoro lilichukuliwa, na palikuwa na mzungu mmoja wa kahawa aliyependa sana mashamba ya watoro.

Karani wake, Zefania, akapanda mlima na barua, akamsomea Mghoi uani kwake.

"Jumapili Bwana Shauri atakuja kanisani kwenu. Mke akisema mumewe yuko njiani, basi yu hai. Akiwa hai na hajarudi, ni mtoro."

"Na nikisema amekufa?"

"Ulimwona?"

"Nimwone wapi, nami nilikuwa hapa napalilia?"

"Basi utakuwa umeidanganya serikali. Kuna kifungo chake, mama."

"Ee mwanangu! Serikali yenu imenichimbia shimo mbele na shimo nyuma, halafu inaniuliza mbona sitembei!"

Shamba lile la kando ya kijito ndilo lililomlisha Mghoi, watoto wake wawili na mama mkwe kipofu. Hakuwa na jingine. Wake wa wale sitini na mmoja wakamwendea Mwandoe.

"Mwalimu, tufanyeje? Tufunge kanisa?"

"La. Mimi nitaita. Nyinyi nyamazeni. Kunyamaza bado hawajakutungia sheria."

"Na baada ya kunyamaza?"

"Hapo akili yangu imekoma. Palipobaki ni pa Mungu."

Jumapili ukungu uliingia kanisani kabla ya watu. Bwana Shauri akaketi kwenye kiti alichokuja nacho kutoka bomani, kofia kichwani. Karani pembeni na kalamu, askari mlangoni. Mwandoe akafungua daftari. Akaita waliopo: nipo, nipo, nipo. Kisha akafika kwa wale sitini na mmoja.

"Mwakisha!"

Kimya. Mkewe aliuma leso.

"Mwakisha!"

Kimya.

"Mwakisha!"

"Nipo."

Sauti ilitoka nje, ndani ya ukungu, nzito kama ya mtu mwenye udongo kinywani. Askari akageuka. Hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa na umande wake mzima, hayajakanyagwa.

Zefania, ambaye mkono wake uliandika lolote lililosemwa, akauliza bila kuinua kichwa, "Uko wapi?"

"Kusini, ng'ambo ya mto mkubwa. Kuhara damu."

"Shahidi?"

"Huyu aliyelala juu yangu."

Bwana Shauri, ambaye lugha ya mlimani hakuijua, akamwinamia karani. "Nani anajibu?"

"Marehemu, bwana."

"Mwambie aingie."

"Anasema hawezi, bwana. Hajaruhusiwa kutua mzigo."

Mwandoe akaita, nao wakaitika. Nipo, homa. Nipo, njaa. Nipo, nilianguka wakanipita. Kila sauti ilisogea karibu kuliko iliyotangulia, mpaka ukuta wa udongo ukaanza kutoa jasho.

Mwadime alikuwa wa mwisho.

"Mwadime!"

Kimya.

"Mwadime!"

Kimya. Zefania akapeleka kalamu upande wa watoro.

Hapo, wanangu, moyo wa Mghoi ulipasuka vipande viwili. Kimoja kiliomba, Itika, baba watoto, tusinyang'anywe shamba. Cha pili kikaomba, Nyamaza, nyamaza, uwe hai popote ulipo, hata kwa mwanamke mwingine.

Mwandoe akaita mara ya tatu, kwa kunong'ona.

"Nipo," ikasema sauti, sikioni pa Mghoi kabisa, baridi kama jiwe la mtoni. "Mghoi, nimechoka kuwa njiani."

Akajitupa chini, akalia. Wakalia wote, kilio cha miaka mitatu. Bwana Shauri akavua kofia, asijue kwa nini. Na huko nje ikasikika mizigo ikituliwa, mmoja, mmoja, tu! tu! tu!, hata ikatimia sitini na mmoja.

Kitabuni ikaandikwa: wafu, sitini na mmoja, mashahidi, wenyewe. Wakubwa wake Bwana Shauri wakajibu kwamba mashahidi hao wafike wakatie dole gumba. Naye akawaandikia kwamba angewashauri wasisisitize. Shamba la Mghoi halikuguswa, naye akamwekea mumewe matanga, siku zote zilizompasa.

Basi jueni: mwenye kitabu huandika apendavyo, lakini watu wakikutana na kuitana kwa majina, kitabu hicho hakina pa kujificha. Na ukiitwa, mwanangu, itika upesi. Usingoje kuitwa mara ya tatu.

Kisa kimefika kwao, nami niende kwangu. Kizuri chake tugawane. Cha kutisha nitalala nacho mwenyewe.