Maji Mekundu ya Bi Somoe

Katika nyumba kuukuu aliyopanga Bi Somoe, mabomba ya chuma yalioza kwa kutu, maji yakawa mekundu. Kila alipolalamika, Bwana Shehoza, mwenye nyumba, alimjibu, "Kunywa, hayaui."

Siku moja akamkuta anaimba bombani. "Leo hulalamiki?"

Bi Somoe akasogeza ushungi. Nywele nyeusi tii. "Nilalamikie nini, baba? Tangu niyaogee, mvi zimekwisha. Usiniguzie mabomba yangu!"

Bwana Shehoza akajipapasa kichwa cheupe. "Yako? Hayo ni yangu, nayahamishia kwangu!"

"Na mimi je?"

"Nitakufungia ya plastiki."

Bi Somoe akalia sana. Mafundi walipomaliza, akafungua bomba jipya, akasuuza kwa maji maangavu kibakuli alichokorogea piko, rangi nyeusi ya kupaka nywele.